Kuli, Kijakazi na mzuka wa Babu: Jinsi riwaya zetu zinavyokumbuka

KUNA mazoea yaliyoota mizizi katika ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili humu nchini, nayo ni ya kuzigawa riwaya katika makapu mawili. Kapu la kwanza hutiwa riwaya za kihistoria: za utumwa, za wakoloni, za migomo na mapinduzi. Kapu la pili hutupiwa riwaya za fantasia, yaani za mizuka, majini, watu waliogeuzwa nyani na nchi zinazoelea hewani. Za kwanza hupewa heshima. Za pili huambiwa ni ngumu kupita kiasi, au ni za kitoto, au (na hili ndilo huniudhi zaidi) ni porojo.

Miezi michache iliyopita nimekuwa nikisoma riwaya za makapu yote mawili, nyingine kwa mara ya kwanza na nyingine upya, nikizichanganya kwa makusudi. Leo Adam Shafi, kesho Kezilahabi, kesho kutwa Mbotela. Ninayoyasema hapa ni maoni ya msomaji, wala si sheria. Asiyekubaliana nami ana ruhusa. Ukumbi huu ni wetu sote.

Tukianza na la kale, mazoea hayo ya makapu mawili si yetu. Waswahili hawakuwa na haja nayo. Chukua mfano wa Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu aliutunga utendi wake mwaka wa 1913. Liyongo ni mtu wa historia kwa maana kwamba watu wa Kipini na Pate wanamtaja kama mtu aliyeishi, na mashairi yanayonasibishwa naye yamehifadhiwa. Lakini Liyongo huyohuyo hachomeki kwa chuma chochote. Anauawa na mwanawe mwenyewe kwa msumari wa shaba aliochomwa kitovuni, na hata akiwa maiti amepiga goti na kuushika uta, watu wa mji wanaogopa kwenda kisimani kuchota maji. Sasa hii ni historia au ni fantasia? Msikilizaji wa Lamu wa zamani angelishangaa kuulizwa swali hilo. Alikuwa akisikiliza habari za usaliti, na usaliti ule ulikuwa kweli tupu.

Basi tuingie bandarini.

Riwaya ya Kuli ya Adam Shafi ilichapishwa mwaka wa 1979 na Tanzania Publishing House, mwaka mmoja tu baada ya Kasri ya Mwinyi Fuad. Mhusika wake mkuu ni Rashidi, kijana wa kimaskini wa Unguja anayeingia bandarini kubeba mizigo, na polepole anafumbuka macho. Riwaya inasimama juu ya tukio halisi: mgomo wa Agosti na Septemba 1948, ambao ulianzia kwa wachukuzi wa bandarini na kuenea hadi ukawa mgomo wa mji mzima. Niliwahi kuisoma zamani nikiwa mwanafunzi, ila wakati huo nilikuwa nikisaka maudhui na mbinu za lugha kwa ajili ya mtihani, kama tulivyofundishwa. Safari hii nimeisoma huku nimeweka kando yake habari za migomo ya wakati huo, na ndipo niliponyanyuka kitini.

Kwa nini? Kwa sababu mgomo wa Unguja haukudondoka kutoka mbinguni. Tarehe 13 Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi mjini Mombasa. Hawakuwa wachukuzi wa bandari peke yao. Walikuwapo wa reli, wa hotelini, wapishi na watumishi wa nyumbani. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, bei za vyakula na kodi za vyumba zimepanda, nayo mishahara iko palepale. Mgomo ulidumu siku kumi na mbili. Kila siku watu walikusanyika katika uwanja ambao wenyewe waliupa jina la Kiwanja cha Maskini. Hapo ndipo jina la Chege Kibachia lilipoanza kuvuma, akawa kiongozi wa chama kilichoitwa African Workers Federation. Agosti mwaka huohuo serikali ilimkamata na kumhamishia Baringo, mbali kabisa na bahari na meli. Septemba, makuli wa Dar es Salaam wakagoma nao, na mgomo ukafuata njia ya reli kuelekea bara. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Unguja.

Ukiisoma Kuli huku unaijua silsila hiyo, riwaya inabadilika mikononi mwako. Inaacha kuwa kisa cha kijana mmoja katika kisiwa kimoja. Unaanza kuiona bahari yenyewe ikibeba habari: baharia anayeshuka Mombasa leo, kesho kutwa yuko Forodhani, na analosimulia halikaguliwi na forodha. Bandari tatu zilikuwa zikizungumza kwa Kiswahili, na wenye makampuni hawakuwa na namna ya kukifungia Kiswahili ghalani.

Hata jina la riwaya lina safari yake. Kuli ni neno lililosafiri kutoka Bara Hindi katika vinywa vya Waingereza, likashuka katika bandari zetu likiwa tayari na dharau ndani yake. Tulikuwa na hamali, lililotoka katika Kiarabu. Tulikuwa na mpagazi, mtu wa misafara ya bara, mzigo kichwani. Wote watatu wanabeba, ila kila neno lina bwana wake. Mpagazi ana tajiri wa msafara; hamali ana mwenye duka; kuli ana kampuni. Shafi angeweza kuiita riwaya yake Hamali, na ingekuwa riwaya nyingine kabisa.

Simaanishi kwamba Kuli haina kasoro. Iliandikwa enzi ambapo uhalisia wa kijamaa ulikuwa ndio mtindo, na inapofikia mafundisho ya umoja wa wafanyakazi, sauti ya mwandishi humfunika mhusika. Kuna mahali nilitamani Rashidi anyamaze kidogo, avute pumzi, alalamikie mgongo wake. Lakini hebu nijibiwe hili: Mombasa ina nini? Mgomo wa 1947 ulikuwa mkubwa na ulitangulia. Katika riwaya zote za Kiswahili nilizosoma hakuna hata moja iliyomweka mchukuzi wa Kilindini katikati ya mgomo ule. Tunayo Kaburi Bila Msalaba ya Peter Kareithi, ya mwaka wa 1969, kuhusu vita vya Mau Mau. Tunazo riwaya za ghasia za baada ya uchaguzi, mathalan Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Wapishi na wachukuzi waliousimamisha mji kwa siku kumi na mbili bila bunduki wanabaki katika vitabu vya wanahistoria vilivyoandikwa kwa Kiingereza, ambavyo wajukuu wao hawavisomi.

Kutoka Kuli nilirudi nyuma hadi Kasri ya Mwinyi Fuad, nikanaswa na jambo ambalo wahakiki wengi hulipita kwa kasi. Ni jina la mtumishi wa Fuad: Kijakazi.

Tutue hapo. Kijakazi ni udogo wa mjakazi, yaani mtumwa wa kike. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka wa 1897, na katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka wa 1907. Hata hivyo, sheria ya 1897 iliwaacha nje masuria. Wao walisubiri hadi 1909. Riwaya ya Shafi inakwenda hadi Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 na baada yake. Kwa hivyo tuna mwanamke ambaye kisheria ni huru tangu zamani za wazee wake, lakini jina analoitwa kila asubuhi linamkumbusha bei yake. Naye Kijakazi hachukii. Anamtumikia bwana wake kwa mapenzi, anamwona kama aliyeumbwa kwa udongo mwingine. Mapinduzi yanapita, wenye mashamba wanang'olewa, na yeye bado hayumo katika furaha ya wenzake. Moyo wake uko kwa Fuad.

Wasomaji vijana humchukia Kijakazi. Nimewasikia wakimwita mjinga. Mimi ndiye mhusika ninayemwamini kuliko wote katika riwaya hiyo. Mashujaa wa mapinduzi tunawapata kwenye mabango. Mtu aliyenyongonyea hadi akaupenda mkono unaomnyonga, huyo habandikwi ukutani, na hakuna kitabu cha historia kitakachomtengea sura. Riwaya ilimtengea kitabu kizima. Kama lengo la Shafi lilikuwa kutuonyesha kwamba sheria hubadilishwa kwa siku moja ilhali akili ya mtu huchukua maisha, basi amefaulu, na alifaulu kwa kuchagua jina tu.

Kuhusu utumwa, sharti nimtaje James Mbotela, maana huyu ni wetu wa Mombasa. Uhuru wa Watumwa ilitoka mwaka wa 1934. Wahakiki bado wanavutana iwapo ni riwaya, ni historia au ni wasifu wa ukoo. Wapo wanaoihesabu kuwa miongoni mwa riwaya za kwanza kabisa za Kiswahili. Inasimulia habari za watu walionaswa bara, wakasukumwa hadi pwani, wakapakiwa majahazini, kisha wakaokolewa na manowari za Waingereza na hatimaye kuwekwa Frere Town, makao yaliyoanzishwa na wamishenari wa CMS katikati ya miaka ya 1870 ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Pale Kengeleni, Nyali, kengele yao ingali inaning'inia, na matatu hupita chini yake kutwa kucha. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji ambaye sauti yake ya Je, Huu ni Ungwana? ilitulea wengi wetu, alitoka katika ukoo huohuo.

Uhuru wa Watumwa inalaumiwa, na si bure. Mwingereza humo ni mkombozi asiye na doa, na Mwarabu ni mkatili asiye na nafuu. Ukimaliza kuisoma unaweza kudhani kwamba Uingereza haikuwahi kusafirisha mtumwa hata mmoja kuvuka bahari ya Atlantiki. Hili nalikubali. Lakini siwaungi mkono wanaosema kitabu hicho kitupwe. Mbotela aliandika yaliyosimuliwa na wazee waliofungwa minyororo yenyewe. Mtu akikutoa katika tumbo la jahazi ukiwa mtoto wa miaka minane, ukapewa uji na shati, hutamuuliza kwanza kuhusu siasa za babu zake. Shukrani ile ni ya kweli. Nayo pia ni sehemu ya historia yetu: jinsi shukrani ya kweli ya watu waliookolewa ilivyogeuzwa kitabu cha shule cha kuwafunza watu wengine kushukuru kutawaliwa. Kisome hivyo, na utaona kitabu chembamba kikinenepa.

Nyingine iliyonishughulisha ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka wa 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kutuzwa Nobeli. Riwaya yenyewe kwa Kiingereza ni ya 1994. Nilikuwa nimeisoma kwa Kiingereza kitambo, nikaistahi tu, jinsi mtu anavyomstahi mgeni. Kwa Kiswahili imenikaa vingine kabisa.

Yusuf ni mvulana ambaye babake amemwia deni tajiri mmoja, Aziz, wanayemwita ami. Siku moja ami anaondoka naye. Mtoto anadhani anakwenda kutembea. Kwa Kiingereza mwandishi analazimika kuizunguka hali hiyo kwa maelezo. Kiswahili kina neno moja: rehani. Kwetu nyumba huwekwa rehani, dhahabu huwekwa rehani, na zamani hata mtu aliwekwa rehani, na neno halikubadilika hata kidogo likitoka kwenye bangili na kuingia kwa mtoto. Ndiyo maana nilipoifunga sura ya kwanza nilihisi baridi. Msiba mzima ulikuwa umelala ndani ya msamiati wangu mwenyewe, neno ambalo leo tunalisoma katika matangazo ya benki.

Kisha kuna ile safari ya msafara wa biashara kwenda bara: wapagazi, hongo zinazotolewa kwa kila jumbe, magonjwa, na yule jumbe Chatu anayewanyang'anya mali. Wachambuzi wamezionyesha nyayo za maandishi ya Waswahili wenyewe ndani ya riwaya hii, yale ambayo Carl Velten aliyakusanya na kuyachapisha Ujerumani mwaka wa 1901 chini ya jina Safari za Wasuaheli. Humo wasafiri wa pwani wanasimulia kwa mkono wao walikokwenda na waliyokutana nayo. Fikiria mzunguko huo, ewe msomaji. Waswahili wanaandika safari zao, Mjerumani anazichukua, Mzanzibari aliyehamia Uingereza anazisoma na kuzigeuza riwaya ya Kiingereza, kisha mwanamke wa huku huku kwetu anazirudisha nyumbani kwa Kiswahili baada ya zaidi ya miaka mia moja. Zimerudi, lakini mzee hakurudi na miguu aliyoondoka nayo. Lugha ya Peponi si ile ya wasafiri wa Velten, wala haipaswi kuwa. Mfasiri amechagua Kiswahili cha Unguja kinachosomeka leo, chenye maneno machache ya kikale yaliyopachikwa kwa uangalifu. Mimi nakiona chaguo hilo kuwa sahihi. Wapo waandishi wa riwaya za kihistoria wanaodhani kwamba ukimjaza mhusika maneno ya kamusi yaliyokufa basi umemrudisha mwaka wa 1890. La hasha! Watu wa mwaka wa 1890 hawakuongea Kiswahili cha kale. Waliongea Kiswahili cha siku hiyo.

Sasa tuligeukie kapu la pili.

Mwalimu mwenzangu mmoja, aliyeanza kazi hii kabla yangu, aliniona na Nagona mkononi akaniambia, "Mwalimu, hicho kitabu nilikifungua, nikakifunga, nikamwombea mwandishi." Tulicheka sana. Lakini nilimuuliza swali ambalo naliuliza hapa pia. Euphrase Kezilahabi alikuwa stadi wa uhalisia. Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Gamba la Nyoka (1979), zote unaweza kuzisoma ukiwa kwenye basi. Gamba la Nyoka inasimulia siasa za ujamaa na kuhamishiwa watu vijijini kwa uwazi wa kutosha hata mtu asiyejua lolote kuhusu Azimio la Arusha la 1967 akaelewa. Kisha mtu huyohuyo, miaka kumi na moja baadaye, anatoa Nagona (1990) na kufuatisha Mzingile (1991), ambamo hakuna kijiji unachokijua, wakati unajizungusha kama nyoka, wanafalsafa waliokufa wanatokea, na msimulizi anatangatanga akitafuta asichoweza kukitaja. Je, alichoka na historia?

Mimi nadhani ni kinyume. Aliona kwamba historia aliyokuwa akiiandika ilikuwa imepoteza mhimili. Ahadi za uhuru zilikuwa zimeporomoka, na lugha iliyozitoa ahadi hizo ilikuwa imechakaa kwa kutumiwa jukwaani. Utaelezaje kuporomoka kwa maana kwa kutumia sentensi ambazo bado zinajifanya zina maana? Nagona ni ngumu, sikatai. Kuna kurasa nilizozisoma mara tatu na bado ziliniacha mlangoni. Ila ile hali ya kuachwa mlangoni ndiyo hali ya watu wa miaka ile, na nimeielewa kwa njia hiyo vizuri zaidi kuliko kwa hotuba.

Shaaban Robert alikuwa amepita njia ya jirani zamani zaidi, kwa sababu nyingine. Kusadikika ilitoka mwaka wa 1951, Mwingereza akiwa bado yuko Tanganyika. Nchi yake inaelea hewani. Mtu aitwaye Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kufundisha uanasheria. Hapakuwa na Mwingereza hata mmoja ndani ya kitabu. Hapakuwa na haja. Kila msomaji aliyewahi kusimama mbele ya hakimu wa mkoloni alijua Kusadikika iko wapi, na mkaguzi wa vitabu asingeweza kulikataza wingu. Kwa hiyo nasema: wanaoiita fantasia njia ya kuikimbia historia wamezoea tu kuishi penye usalama wa kuitaja historia kwa jina lake.

Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila (2002) nimeifurahia kwa nusu. Msimulizi anazunguka mabara akimsaka P.P., na dunia nzima ya utandawazi inapita mbele ya macho yake kama sinema. Ujasiri wa riwaya ni mkubwa, na ucheshi wake unauma. Lakini mara nyingi ishara zake zinajieleza zenyewe mno, kana kwamba mwandishi alihofia kuwa hatutaelewa. Nisingependa kuendelea zaidi ya hapo. Ni riwaya inayostahili makala yake.

Iliyonikamata na kukataa kuniachilia ni Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa na Jomo Kenyatta Foundation mwaka wa 2001. Mhusika mkuu anaitwa K. Hana hata jina kamili. Herufi moja inamtosha. Ni mkubwa serikalini, ana mali, ana kila kitu. Usiku mmoja anajiwa na mzuka wa babu yake aliyekufa. Babu hakuja kumbariki. Amekuja kumcheka na kumchukua akamwonyeshe alichokifanya: nchi aliyoishiriki kuila, watu aliowasahau, asili yake aliyoizika na kuipanda nyasi.

Mzuka huu ni historia yenyewe iliyokataa kulala. Na mwandishi angefanyaje bila mzuka? Katika riwaya ya uhalisia, mtu kama K. hakutani na mtu yeyote anayeweza kumwambia ukweli. Wasaidizi wake wanaogopa. Mkewe ana mambo yake. Magazeti yananunulika. Mzuka peke yake ndiye asiyetaka kazi, asiye na shamba la kunyang'anywa, asiyeweza kufungwa. Wazee wetu wa pwani wanasema mizimu hukasirika ikisahauliwa kutambikiwa. Said Ahmed ameichukua imani hiyo na kuigeuza hoja ya kisiasa, bila kuiharibu kama imani. Ukitaka kuamini kwamba Babu alikuja kweli, amini. Riwaya haikuzuii.

Nilipoimaliza niliichukua Haini ya Adam Shafi, iliyochapishwa na Longhorn mwaka wa 2003, na nikaona vitabu hivi viwili ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa nyumba tofauti. Waandishi wote wawili ni wana wa Zanzibar. Riwaya zote mbili zilichapishwa Nairobi, zikipishana kwa miaka miwili tu. Haini inatokana na yaliyofuata kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972: kamatakamata, seli, mahojiano, mateso. Hakuna mzuka humo. Kuna kuta, kuna njaa, kuna Hamza na wenzake wanaotakiwa kukiri wasiyoyatenda. Nakiri sikuweza kuisoma usiku. Niliisoma mchana, dirisha likiwa wazi, tena kwa vipande vidogo vidogo.

Wanafunzi wangu huniuliza ni ipi kati ya hizo mbili iliyo ya kweli zaidi. Haini inaeleza kilichowapata watu chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Babu Alipofufuka inaeleza kinachompata yule aliyeshika ufunguo, miaka mingi baadaye, anapojaribu kulala. Kuhusu la kwanza mwandishi anaweza kuwauliza walionusurika, na wakamweleza. Kuhusu la pili, nani atamweleza? Wenye funguo hawaandiki kumbukumbu za aina hiyo. Hapo shahidi wa kibinadamu hayupo, na ndipo mzuka anapoitwa kizimbani.

Tangu nisome vitabu hivyo viwili pamoja, nimekuwa nikimwazia babu mwingine, wa Mombasa, aliyekuwa mpishi au mchukuzi mwaka ule wa 1947. Amefufuka leo asubuhi, amejipangusa vumbi, na jambo la kwanza analotaka ni kwenda pale walipokuwa wakikutana kila siku kwa siku kumi na mbili. Anasimamisha tuktuk karibu na Majengo, anapanda, anamwambia kijana ampeleke Kiwanja cha Maskini. Kijana anapunguza muziki, anageuka nyuma na kumuuliza kwa adabu zote, "Hicho kiko wapi, mzee?"